Kwenye Meno Yako Niandike Jina Gani

Wenzangu mliobaki maabara ya meno, mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niandike yale niliyokuwa nawasimulia wakati tunasubiri plasta ikauke. Niliwajibu kwamba mstaafu ana kazi nyingi. Kuna migomba, kuna wajukuu, na kuna jumuiya inayodhani mtu aliyeacha kazi yupo kwa ajili ya kuandika mihtasari ya vikao. Lakini mmezoea kuniomba kitu mpaka nikubali, kwa hiyo nimekaa. Habari za vyeo sitaandika. Niliingia nikiwa fundi wa kutengeneza meno ya bandia, nikatoka nikiwa fundi wa kutengeneza meno ya bandia. Hapo katikati walibadilisha jina la cheo mara kadhaa, na mimi nikaendelea kunuka akriliki, ile plastiki ya fizi za bandia.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Ta, yaani Mzee, Bartolomayo, mkuu wa maabara. Alikuwa mzee wa Nshambya, Mlutheri, mwimbaji wa besi, mwenye vidole vinene vya mkulima ambavyo vingeweza kuokota jino moja dogo kwenye trei bila kugusa la jirani. Alinipa seti ya juu niipange kwenye nta. Nilitoka chuoni na alama nzuri, nikaipanga haraka ili aone. Akaishika mbele ya dirisha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Binti," akasema, "meno ya kushoto umeyaweka kulia, na ya kulia umeyaweka kushoto. Huyu bwana akitabasamu, watu watadhani amewapa mgongo anaondoka."

Hakunifokea. Aliyayeyusha yote, kisha wiki nzima akanituma kila saa nne niende sokoni Bukoba, nisinunue kitu, niangalie tu watu wakicheka. Nilirudi nikiwa najua mambo ambayo chuo hakikunifundisha. Nilijua kwamba mtu anayeuza samaki huonyesha meno ya chini kuliko ya juu, na kwamba mtu aliyepoteza jino la mbele hucheka mkono ukiwa mdomoni. Mtu wa namna hiyo akivaa meno mapya, mkono unaendelea kupanda mdomoni kwa miezi mingi. Mkono ndio wa mwisho kupata habari.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na visu vya nta, taa ya spiriti, flaski nzito za shaba za kubania plasta na meno, presi ya kukaza kwa mkono, na sufuria kubwa ya kuchemshia flaski iliyoandikwa kwa rangi nyekundu SI YA CHAI, kwa sababu ambayo Ta Bartolomayo hakuwahi kuieleza. Mashine ya kung'arisha ilikuwa ikirusha unga mpaka kwenye nywele. Nilipofika nyumbani mama yangu alikuwa ananiuliza kama nimeajiriwa hospitali au kwenye kinu.

Vitabu vilitufundisha kupima mkao wa meno kwa karatasi ya rangi. Wagonjwa wetu walipima kwa akamwani. Wale mliotoka mikoa mingine mnakumbuka mlivyoshangaa mlipopewa mara ya kwanza, zile buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa azitafune. Mzee akirudi na kusema, "Waitu, ndugu yangu, ugali unakwenda vizuri, lakini akamwani inapenya chini," basi meno yale hayajaisha, hata kama karatasi ya rangi imeridhika. Na msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, foleni yetu ilikuwa inaongezeka. Mguu wa senene ukiingia chini ya sahani ya meno, ile fizi ya bandia, ni kitu kidogo sana kinachoweza kumfanya mtu mzima apande gari kutoka Muleba kabla hakujapambazuka.

Sasa nije kwenye hili la kuandika majina, maana ndilo mlilolitaka.

Kandokando ya mji kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee. Humo walikuwamo akina mama wawili waliolala vitanda vinavyopakana, Ma Tereza na Ma Paulina, na wote wawili niliwatengenezea meno mwezi mmoja. Siku moja mfanyakazi mpya akakusanya meno ya chumba kizima kwenye beseni moja ili ayaoshe vizuri. Akayaosha vizuri kweli. Kisha akasimama na beseni lake asijue yapi ya nani, akaamua kugawa kwa kukadiria ukubwa wa mdomo.

Nilipoitwa, Ma Tereza alikuwa amekaa siku nne kwa uji, fizi zimechubuka. Ma Paulina alikuwa anakula muhogo wa kuchoma.

"Ma, hayo uliyovaa ni ya mwenzako," nikamwambia.

"Haya ndiyo yanayonifaa," akasema. "Yale uliyonipa mwanzoni yalikuwa yanaongea."

"Lakini ni ya Ma Tereza."

Akayatoa, akayafuta kwa kitenge, akayageuza huku na huku mbele ya macho yangu. "Yameandikwa wapi?"

Ilinibidi nirudi maabara kuchukua sanamu za plasta za vinywa vyao, nikaja kuvisha kila seti kwenye sanamu yake mbele ya chumba kizima. Ma Paulina alitazama kwa makini kama hakimu. Mwishowe akasema, "Basi mpe. Lakini haya yangu uyarekebishe yaache kuongea." Alikuwa na haki. Yalikuwa yanalegea na kugongana kila akitamka, nami sikuwa nimerudi kumuuliza. Niliyatia tabaka jipya kwa ndani, yakanyamaza.

Nilipomsimulia Ta Bartolomayo, hakucheka kama nilivyotarajia. Alisema yeye alifundishwa kuandika jina kwenye meno ya bandia tangu akiwa mwanafunzi, akaacha kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kesho yake akaja na albamu ya harusi yake. Zile albamu za zamani zilikuwa na karatasi nyembamba inayoonyesha, ya kulinda picha. Akachana ukurasa mmoja taratibu kwa wembe.

"Karatasi ya kawaida inavimba," akasema. "Hii inakubali. Mke wangu asijue."

Akanionyesha. Unachimba kijishimo chembamba upande wa shavu au nyuma ya kaakaa, mahali ambapo ulimi haufiki mara kwa mara. Unaandika jina kwa wino usiochuja, unakata utepe, unaulaza humo, unaulowanisha kidogo, kisha unaufunika kwa akriliki isiyo na rangi. Ukishang'arisha, jina linaonekana kama kitu kilichozama kwenye maji safi, na kidole hakisikii chochote. Ziko njia nyingine. Kuchonga kwa keke ni haraka, lakini uchafu wa chakula hukaa kwenye herufi. Kuandika juu na kupaka rangi ya kufunika hudumu mpaka mtu agundue mswaki. Utepe wa chuma kisichoshika kutu ndio mgumu kuliko yote, ila kuuandika kunahitaji mkono usiotetemeka na asubuhi isiyo na wageni.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kila mtu angefurahi. Wiki ya kwanza tuliandika bila kuuliza. Mama mmoja mwenye duka Miembeni alikuja kuchukua meno yake, akayaona, akafunga mlango nyuma yake.

"Nani amewaambia muandike?"

"Ni kwa usalama wako, mama. Yakipotea."

"Mume wangu hajui kama nina meno ya bandia," akasema. "Miaka sita. Nayaosha akiwa kazini. Sasa ninyi mmeyapiga muhuri."

Tulifuta. Akaomba badala yake jina lake la ubatizo, ambalo hakuna anayemwita, tena liwekwe upande unaogusa fizi. Kuanzia siku hiyo nikatengeneza sahani ya mfano yenye alama za aina nne, nikawa nampa kila mgonjwa aipapase, kisha nauliza: wewe unapenda ipi, iwekwe wapi, na niandike nini. Nilikuwa nadhani ni swali la dakika moja. Ndilo swali lililonifundisha watu kuliko yale mengine yote niliyowahi kuuliza, na mengi niliuliza wakiwa wameachama wasiweze kujibu.

Bibi mmoja wa Kishanda alikataa kabisa. Alisema ng'ombe ndio wanaotiwa alama. Mwanajeshi mstaafu alitaka utepe wa chuma wenye namba, akanisahihisha jinsi ya kuandika saba. Mzee wa kanisa, mwenzake Ta Bartolomayo, alitaka namba ya wimbo anaoupenda kitabuni, na Ta Bartolomayo akaiandika bila kunionyesha usoni kwamba huo si wimbo ambao yeye angeuchagua. Mwingine hakutaka jina lake bali la ukoo, ili akifia ugenini wajue wa kuwapigia. Walikuwapo waliotaka namba tu, kwa sababu jina lako likiwa kwenye kitu kinachoweza kuokotwa, huwezi kujua jirani atakipeleka kwa mganga gani. Sikubishana nao. Niliandika namba, na daftarini nikaandika namba ni ya nani. Daftari lile, lenye jalada la kijani, liko kabati la chini. Msilitupe eti kwa sababu mna kompyuta.

Wengi walipenda karatasi, kwa kuwa haisikiki. Wengi walipenda isionekane mtu akicheka. Lakini nisiwape sheria, maana kila nilipoona nimeijua sheria alikuja mtu wa kuivunja. Aliyeivunja vizuri zaidi alikuwa Ta Feliksi.

Ta Bartolomayo alikuwa ameshastaafu, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Ta Feliksi alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Kishanda, koti lake limepigwa pasi mpaka mifuko. Alikuja na mkewe, Ma Kokugonza, na binti yao Editha. Editha ndiye aliyenivuta pembeni. Baba alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa anaweka sukari mara mbili, alikuwa anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekufa. Siku moja alikwenda kisimani akarudishwa na mtu.

"Andika jina lake lote," Editha aliniambia, "na namba yangu ya simu."

Lakini sheria yangu ilikuwa kumuuliza mwenye mdomo. Nikampa Ta Feliksi sahani ya mfano, nikamweleza polepole. Alisikiliza kama mkaguzi wa shule.

"Namba ya simu hapana," akasema. "Mwanangu, mimi si begi lililosahaulika kwenye basi."

"Basi jina lako, Ta."

"Jina langu nalijua."

Editha akatazama chini. Ma Kokugonza alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini.

"Andika Kokugonza," akasema Ta Feliksi.

Nikamweleza kwamba alama ni ya kumtambulisha mwenye meno. Nikiandika jina la mkewe, atakayeyaokota atatafuta mwanamke. Akaniacha nimalize, kama walimu wazuri wanavyofanya.

"Ukisoma Feliksi utamjua nani?" akaniuliza. "Kishanda akina Feliksi tuko kama migomba. Huyu Kokugonza anayejua meno yangu usiku yanalala wapi ni mmoja. Andika huyo."

Nilimgeukia Ma Kokugonza. "Mama, wewe unasemaje?"

"Mimi nimeolewa na mtu mbishi," akasema. "Andika."

Nikaandika. KOKUGONZA, upande wa shavu la kulia, kwenye karatasi ya albamu. Kwenye daftari nikaandika jina la Ta Feliksi, kijiji, namba ya Editha, na mbele yake: alama kwa ombi lake, jina la mke. Daktari wetu wa wakati ule alipoona alisema nimefanya kazi nusu. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kwamba hajasema kweli.

Ulipita mwaka na zaidi. Asubuhi moja nikapigiwa simu na nesi Levina wa wodi ya wanaume.

"Ma Devota," akasema, "tuna mzee hapa amevaa meno ya mwanamke."

Habari yenyewe niliipata vipande vipande. Siku nne kabla ya hapo, mama mmoja wa Nshambya alitoka ndani ya nyumba yake akamkuta mzee asiyemjua, amevaa koti safi, anapogoa migomba yake kwa muhoro, kile kisu kilichopinda, alioutoa ukutani. Huyo mama alimwambia Levina bila aibu kwamba mzee alikuwa anapogoa vizuri kuliko mume wake, kwa hiyo alisubiri kidogo kabla ya kumuuliza. Alipomuuliza, mzee akamjibu kwamba anasafisha mazingira kwa sababu wakaguzi wanakuja. Jina lake akasema ni Mwalimu. Shule gani, akacheka kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Hakuwa na kitambulisho wala simu. Yule mama alimpa matoke na samaki, akayamaliza yote, akashukuru vizuri, akataka kurudi shambani. Ndipo akampeleka kwa mtendaji wa kata, na kwa vile miguu ilikuwa imevimba kwa kutembea, wakamleta hospitali.

Siku mbili alikataa kutoa meno. Siku ya tatu alimruhusu Levina ayaoshe. Levina ni mtu wa kuangalia. Akayainua kwenye mwanga, akasoma Kokugonza, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwafundisha manesi kwamba meno hubadilishana kwenye mabeseni, akaamini yamebadilishana. Akaenda wodi ya wanawake na kibakuli, akauliza nani Kokugonza. Wakaitika wawili. Mmoja alikuwa na meno yake yote. Wa pili hakuwa na hata moja. Akachungulia kibakuli akasema, "Si yangu, waitu, lakini kama mwenyewe hayataki, niachie nijaribu."

Hivyo ndivyo siku nzima ilivyopita. Kesho yake ndipo aliponipigia mimi.

Nilifika wodini nikayajua meno kabla sijamjua mtu. Niliziona herufi zangu, na ile G yangu yenye mkia. Kitandani alikuwa mzee mwenye ndevu za siku kadhaa, shuka la hospitali mabegani, mashavu yameingia ndani kwa kukosa meno. Nikakaribia.

"Ta Feliksi."

Hakugeuka. Nikadhani hasikii. Nikasema kwa sauti zaidi, "Mwalimu Feliksi wa Kishanda." Akanitazama kwa upole, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyeingia darasa lisilo lake, kisha akaangalia mlangoni kuona kama huyo Feliksi anakuja.

Levina alikuwa amesimama nyuma yangu na kibakuli chake. "Sasa huyu Kokugonza," akaniuliza, "ni nani?"

Mzee akatupa shuka. Akateremsha miguu, akaanza kutafuta viatu chini ya kitanda.

"Amefika?" akasema. "Yuko nje?"

Akajilaza nywele kwa kiganja. Akafunga kifungo cha shati. Kisha akanyoosha mkono kwa Levina, mkono wa mtu aliyezoea kutii kengele na kutiiwa.

"Nipe meno yangu," akasema. "Siwezi kumsalimia hivi."

Mimi na Levina tulitazamana. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona watu wakilia kwa kupata meno, nimeona mmoja akizimia. Siku ile nilikwenda dirishani nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Editha alipokea kabla simu haijaita mara mbili. Nilimwambia baba yake yupo, mzima, anatafuta viatu. Aliponijibu aliniambia kwamba walishamaliza Muleba yote, makanisa yote yametangaza, na kwamba asubuhi ile kaka zake walikuwa wamekwenda kuangalia ufukweni mwa ziwa. Hakusema wanaangalia nini.

Wakati tunasubiri wafike, Levina aliniuliza, bila ubaya wowote, "Ma Devota, ungeandika jina lake, si tungewapigia jana?"

Nikasema ndiyo. Mtandaoni na kwenye redio jina la Feliksi wa Kishanda lilikuwa linatangazwa tangu siku ya pili. Siku moja ilipotea kwa sababu niliandika alichotaka, na siku moja kwa watu wanaotazama maji si kitu kidogo. Ninaandika hivi ili msije mkanisimulia kama mtu aliyekuwa na hekima. Sikuwa nayo. Nilikuwa na mgonjwa mbishi na swali nililoahidi kumuuliza kila mtu. Lakini Levina naye akasema, baada ya kufikiri, kwamba siku tatu walikuwa wamemwita kwa majina yote ya wanaume wanayoyajua, kila asubuhi, na hakuitika hata moja. Felisi, Feliksi, Fransisi, yote waliyapitia.

Walifika mchana. Editha alikimbilia kitandani akapiga magoti, baba yake akampapasa kichwa kama angempapasa mtoto yeyote. Ma Kokugonza alikuja nyuma, taratibu, kanga kichwani, vumbi la safari kwenye viatu. Akasimama mbele yake.

"Feliksi," akasema.

Mzee akasimama kwa heshima, akampisha kitandani. "Karibu, mama. Keti. Ninamsubiri mke wangu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kumenya chungwa lake.

"Anaitwa nani?" akauliza Ma Kokugonza.

"Kokugonza. Umemwona huko nje?" Akamtazama vizuri. "Mnafanana kidogo. Ila yeye ni msichana."

Ma Kokugonza akaketi. Akaweka mkoba magotini kama alivyouweka siku ile kwenye benchi langu. "Basi nami nitamsubiri," akasema. "Sogea kidogo."

Akasogea. Akamgawia nusu ya shuka. Walikaa hivyo, Levina akijaza fomu za ruhusa, Editha akiwa nje kwenye simu na kaka zake. Baada ya muda Ta Feliksi akainama sikioni mwa mkewe, lakini walimu hawajui kunong'ona, sote tulisikia.

"Akija, usimwambie nilipotea. Atanigombeza."

"Sitamwambia," akasema Ma Kokugonza.

Wakaondoka jioni ile ile na gari la jamaa yao. Kwenye ngazi Ta Feliksi alimshika mkewe mkono, sijui kama alidhani ni yule mgeni au amekwishamtambua. Editha aliniambia baadaye kwamba walipokaribia nyumbani, baba yake alipoona kibanja chake cha migomba, alimuuliza mkewe kwa jina lake kama kuna mtu aliyefunga mbuzi.

Baada ya hapo niliongeza kitu kimoja kwenye utaratibu, nanyi mnaendelea nacho. Upande wa ndani, usioonekana, tunaweka namba ya daftari kwa kila anayekubali, na upande wa nje tunaandika anachotaka mwenyewe. Daktari yule akasema sasa kazi imekamilika. Levina ana orodha ya namba ukutani kwake. Lakini swali bado linaulizwa, na mtu akitaka wimbo, andikeni wimbo.

Seti yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa ya Ma Kokugonza. Alikuja peke yake, Ta Feliksi amebaki na Editha, akiendelea kula vizuri na kusahau vizuri. Nilichukua kipimo, nikapanga, nikajaribisha. Akatafuna akamwani mbele yangu bila kuniomba ruhusa, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Nikamuuliza swali langu. Nakiri kwamba jibu nilishaliandaa. Nilikuwa hata nimekata utepe wa karatasi unaotosha herufi saba za Feliksi.

"Namba ya simu ya Editha," akasema. "Kubwa, isomeke bila miwani."

"Si jina la Ta Feliksi?"

Akacheka mpaka akashika meza, na mkono wake haukupanda mdomoni. "Mwanangu, yeye akipotea anataka mtu wa kumfikiria. Mimi nikipotea nataka mtu mwenye gari."

Nikatafuta karatasi ndefu zaidi. Meno yalipotoka kwenye maji ya moto na kung'arishwa, tarakimu zote kumi zilikuwa zinasomeka. Akazisoma moja moja kwa sauti, akilinganisha na kikaratasi alichokuwa nacho kwenye mkoba. Kisha akayavaa, akaniaga, akauliza kama bado anaweza kuwahi gari la Muleba, kwa sababu alimwacha mume wake akimsubiri.